Shangazi, nimpe au nisimpe? Maswali yenu ya chakula cha mtoto na aleji

Safari hii maswali mengine yote nimeyaweka kando, maana kina mama (na baba mmoja, mashallah) wameandika juu ya jambo moja: mtoto kafika miezi sita, anaanza kula, na kila mtu nyumbani ana lake la kusema. Barua ndefu nimezikata kidogo, mnisamehe.

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Mwanangu wa kwanza anatimiza miezi sita wiki ijayo, tuko Langoni hapa Lamu. Mavyaa anasema yai na samaki asipewe mpaka atimize mwaka, ati yai litamchelewesha kusema na samaki atampa minyoo. Jirani naye kaniletea unga wa uji wa mchanganyiko, una kila kitu ndani, anasema wake wote wamekulia huo. Na mimi nina aleji ya kamba, nikila tu midomo inafura, ndo naogopa zaidi. Nianze na nini? – Mama wa mara ya kwanza, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na hongera kwa kufika miezi sita na ziwa peke yake, si kazi ndogo hiyo na joto hili letu.

Mavyaa usimlaumu. Hayo anayosema hata madaktari walikuwa wakiyasema. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba mtoto aliye kwenye hatari ya aleji angoje yai mpaka miaka miwili, na njugu (karanga) na samaki mpaka mitatu. Watu wakangoja, aleji za njugu zikawa zinazidi tu, na mwaka 2008 wenyewe wakauondoa ule ushauri. Alafu 2015 yakatoka matokeo ya utafiti mmoja wa London, walichukua watoto 640 ambao wana pumu kali ya ngozi (yale makavu mekundu yanayowasha mashavuni na mikunjoni) au aleji ya yai, yaani wale wale tunaowaogopea zaidi, wengine wakalishwa njugu toka wadogo na wengine wakanyimwa kabisa. Walipofika miaka mitano, kwa walionyimwa karibu 17 katika kila mia walikuwa na aleji ya njugu, na kwa waliolishwa ni kama 3 tu. Yaani kule kungojangoja ndiko kulikokuwa kunaleta shida.

Wanavyoeleza ni hivi, chakula kikiingia kwa mdomo mwili wa mtoto unajifunza kwamba hiki ni chakula, lakini vumbi la chakula hicho hicho likimwingia kwa ngozi iliyopasuka kabla hajawahi kukila, mwili unakichukulia ni adui. Ndo maana mtoto mwenye pumu ya ngozi, ngozi yake itunzwe sana, na mafuta ya ufuta au ya njugu asipakwe penye michubuko, hata kama bibi alikuwa akipaka.

Kwa hivyo yai, samaki, njugu, ngano, mtindi, vyote vinaanza miezi sita hiyo hiyo, muhimu shingo iwe imekaza, aweze kukaa ukimshikilia, na akiona kijiko afungue mdomo mwenyewe. La minyoo, samaki aliyeiva sawasawa hampi mtu minyoo. La kuchelewa kusema, atasema tu, tena akianza mtatafuta pa kujificha.

Sasa huo unga wa jirani. Uji mimi sina ugomvi nao, ila muulize kasaga nini humo. Mara nyingi ni mahindi, wimbi, mtama, soya, njugu, ngano, wengine wanatia omena na wengine korosho. Ukimpa siku ya kwanza akatoka vipele utamshika nani? Utaviacha vyote, na mtoto atanyimwa vyakula sita vizuri kwa kosa la kimoja. Huo unga ni wa baadae, ukishamjaribu kila kilichomo kimoja kimoja. Na hata wakati huo usiutumie uliokaa, njugu na mahindi yakiingia ukungu yanakuwa na sumu ya aflatoksini, na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Na unyevu wetu wa pwani mnaujua, mkate wa jana tu ushaota manyoya. Saga kidogo kidogo, na njugu ikiwa imekunjamana au imebadilika rangi itupe.

Anza na vya upole: boga, kiazi kitamu, ndizi, uji wa wimbi mtupu, mbaazi zilizopondwa na tui jepesi, na maini au nyama iliyosagika, kwa sababu akifika miezi sita madini ya chuma aliyozaliwa nayo yanakuwa yamepungua na maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena. Vijiko viwili vitatu mara mbili kwa siku vinatosha mwanzoni, na ziwa linaendelea kama kawaida mpaka miaka miwili na zaidi. Hivi vya upole huna haja ya kungoja siku tano kati ya kimoja na kingine kama tulivyokuwa tukiambiwa zamani. Vya kwenda navyo pole pole ni vile vyenye tabia: yai, njugu, maziwa ya ng'ombe, ngano, soya, samaki, ufuta, korosho na jamaa zake, kamba na kaa. Hivyo kimoja peke yake, ukae siku mbili tatu umtazame, ndo ulete kingine.

Yai unafanya hivi. Lichemshe mpaka kiini kikauke kabisa, hilo la rojo rojo ni la watu wazima. Chukua kiini na weupe wake, ponda na maziwa yako mpaka liwe laini. Umpe asubuhi, siku ambayo hana homa wala mafua, na wewe huna safari. Kwanza ncha ya kijiko tu. Kaa naye, cheza naye, dakika kumi mpaka kumi na tano, mtazame midomo, macho, tumbo, nyuma ya masikio. Hamna kitu? Mpe kilichobaki kidogo kidogo, na usimtoe machoni masaa mawili, maana aleji ya haraka hujitokeza ndani ya muda huo, mara nyingi dakika za mwanzo. Chakula kipya usimpe magharibi ukamlaza, utajuaje kama amevimba na taa umezima?

Njugu ni hivyo hivyo, ila iwe pinati bata laini isiyo na sukari wala chumvi, koroga na maji moto mpaka itiririke, usimpe nzito itamganda kooni. Njugu nzima nzima mtoto asipewe mpaka afike miaka mitano, hiyo si habari ya aleji tena, ni kupaliwa.

Na hapa ndo wengi wanapokosea. Mtoto kakubali njugu, mama kafurahi, basi, njugu hazionekani tena mpaka Idi. Akishakubali kitu kiwe chakula chake, kila wiki, njugu vijiko viwili vya chai mara mbili tatu kwa wiki, yai vivyo hivyo. Kuacha ni kurudi nyuma.

Kuhusu kamba wako. Mtoto harithi aleji ya kamba yenyewe, anachoweza kurithi ni ule mwili mwepesi wa aleji kwa jumla, inaweza kumtokea kwa kitu kingine au isimtokee kabisa. Na kamba na samaki si ndugu, kinachokusumbua kwenye kamba hakimo kwenye changu wala kolekole. Kamba anakwenda zaidi na kaa na kambakoche, mara nyingine hata pweza na ngisi. Kwa hivyo samaki mpe, kamba yake ije baadae kidogo, tena aipike na kumlisha mwengine, wewe usishike. Lakini kama mtoto ana pumu kali ya ngozi, au ashawahi kufura kwa chakula chochote, hapo usijaribu njugu nyumbani kabla hujaonana na daktari.

SWALI: Shangazi naomba unisaidie, niko Maweni, Malindi. Mtoto ana miezi kumi na samaki anakula vizuri tu siku zote. Juzi mume wangu alinunua jodari jioni kwa jamaa anayepitisha na baiskeli, nikampika mchuzi, mtoto nikamtolea kabla sijatia pilipili. Haikupita nusu saa mtoto uso mwekundu, kifua chekundu, akaharisha. Mume naye kichwa kinamgonga na moyo unamwenda mbio, mimi nilikula kidogo nikawashwa mdomo. Mavyaa anasema sisi nyumba nzima tuna aleji ya samaki. Inawezekana kweli? – Mama wa Maweni

JIBU: Poleni sana. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo watu wa pwani tungefaa kulijua kuliko wote.

Aleji haiji kwa nyumba nzima siku moja. Watu watatu, chungu kimoja, nusu saa, nyuso nyekundu, kichwa, moyo mbio, mdomo kuwasha kama kuna pilipili na pilipili haijatiwa, hiyo karibu hakika ni sumu ya samaki aliyekaa. Jodari, vibua, dagaa na jamaa zao wakikaa kwenye joto bila barafu, vijidudu vinageuza nyama yao kuwa histamini, kitu kile kile ambacho mwili wenyewe unakitoa mtu akipata aleji, ndo maana dalili zinafanana mpaka unachanganyikiwa. Na kupika hakuiondoi, hata umkaange mpaka awe mkaa. Samaki mwenyewe anaweza kuwa hanuki wala hajaharibika kwa macho.

Fikiria huyo jodari katoka majini alfajiri, akakaa kwenye mashua, akakaa ufukweni, akapandishwa baiskeli akazungushwa mitaa na jua la Malindi, kafika kwako jioni. Jodari wa mtoto nunua asubuhi pale wanapoteremsha, muulize muuzaji barafu iko wapi, akikuonesha gunia lililolowa maji tu, mwache. Nyumbani moja kwa moja kwenye friji, na kama huna friji basi apikwe saa hiyo hiyo aliwe.

Hata hivyo mtoto mpeleke kliniki ukamweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, pamoja na habari ya baba yake. Daktari ndo aseme samaki arudi lini, usimjaribu mwenyewe jikoni kabla ya hapo. Nina matumaini hatamnyima, na mtoto wa Malindi kuishi bila samaki kwa sababu ya jamaa mmoja wa baiskeli itakuwa dhulma.

Na wakimruhusu, kolekole au changu wa mvuke ni mzuri, mchambue kwa vidole si kwa uma, vidole ndo vinahisi mwiba, pitia mara mbili. Papa mwache, papa ni samaki mkubwa anayekula wengine na nyama yake inakusanya zebaki, si ya mtoto, na ng'onda ana chumvi ya kuua. Chini ya mwaka chumvi na sukari usimtilie kabisa.

SWALI: Shangazi sisi tuko Pate. Mke wangu anaogopa kumpa mtoto njugu na yai kwa vile hospitali kubwa ni Lamu, na huku kuna saa boti haitoki. Mimi naona tungoje tukienda Lamu kwa shemeji ndo tumjaribu. Na ikitokea tufanye nini? – Baba wa Pate

JIBU: Baba, swali zuri na mkeo hajakosea kuogopa, ila kungoja safari ya kwa shemeji mtoto atafika mwaka na nusu. Aleji ya kutisha kwa mtoto mdogo mara ya kwanza si jambo la kila siku, wengi wanaopata hutoka vipele au kutapika kisha yakaisha. Mjaribuni nyumbani, lakini mpange kama mnavyopanga safari ya baharini. Wewe unajua kuliko mimi kwamba maji yakitoka Mkanda, ule mlango wa bahari wa kwenda Lamu, haupitiki, basi siku ya yai na siku ya njugu ichagueni siku ambayo asubuhi maji yanajaa, na nahodha mmoja uwe na simu yake na umwambie. Kabla ya yote nenda zahanati iliyo karibu uulize kitu kimoja tu: sindano ya adrenalini, ile ya kuokoa aleji kali, mnayo? Wakiwa nayo, huo ndo mguu wa kwanza wa kukimbilia, boti baadae.

Dalili ziko namna mbili na muzitenganishe. Vipele vilivyotuna kama vya kuumwa na mbu, mdomo kufura kidogo, kutapika mara moja, hizo ni za kuacha chakula hicho, kumpigia muuguzi na kumtazama, dawa ya aleji kama ile ya maji anayotoa daktari inaweza kusaidia ila kipimo kiwe cha uzito wake, si kukisia. Lakini sauti ikikwaruza, akikohoa mfululizo, kifua kikipiga filimbi, ulimi ukifura, akilegea ghafla kama kitambaa au akipauka, au vitu viwili vikija pamoja kama vipele na kutapika tena na tena, hiyo ni ya hatari na inayookoa ni sindano ya adrenalini pajani, upesi. Piriton na dawa za aleji kama hiyo hazifanyi kazi hiyo. Maziwa haifanyi. Kumtapisha, kumnywesha mafuta ya nazi, maji ya makaa, hapana, mnampotezea muda na mnaweza kumpaliza. Mlazeni chali, akitapika mumgeuze ubavu, kama anapumua kwa shida mkalisheni kidogo mapajani, asibebwe wima begani mkikimbia naye. Na hata akipata nafuu apelekwe hospitali akae chini ya uangalizi, maana inaweza kurudi baada ya masaa kadhaa.

Kuna ya tatu inayowachanganya hata wauguzi: mtoto anakula kitu, saa moja mpaka nne baadae anatapika, anatapika, anatapika, mpaka anakuwa mweupe na kulegea, vipele hana, homa hana. Watu wanasema tumbo au jicho. Ikiwa imemtokea zaidi ya mara moja kwa chakula kile kile (wali pia unaweza, na maziwa na samaki), andika tarehe na chakula mbebe ukamuoneshe daktari, na siku yenyewe mkimbize akapewe maji ya mshipa.

SWALI: Mimi ni bibi, mtoto ananiachia mjukuu wa miezi minane akienda kazini, hapa Malindi. Nyumbani tuna mikorosho, korosho nikizisaga nikamtia kwenye uji ni sawa? Njugu anakula hana neno. – Bibi mwenye mikorosho

JIBU: Bibi shikamoo. Njugu na korosho si kitu kimoja, njugu ni jamii ya maharage inakaa chini ya ardhi, korosho inakwenda na pistashio na wenzake, kwa hivyo kukubali njugu hakukuambii lolote juu ya korosho. Mjaribu kama mara ya kwanza, kidogo, asubuhi, mama yake akiwa ameambiwa na simu iko karibu. Iwe imekaangwa na kusagwa laini kabisa. Na ule mbanguo wa kukaanga na maganda yake mtoto asiwepo karibu, mafuta ya ganda la korosho yanachoma ngozi, vidole vyako ni shahidi.

SWALI: Mwanangu kila nikimpa embe anakuwa mwekundu kuzunguka mdomo, nisimpe tena? – Mama, Shela

JIBU: Wekundu wa kuzunguka mdomo tu, pale juisi ilipogusa, na unaondoka baada ya muda mfupi, mara nyingi ni ngozi kuwashwa, na nyanya na machungwa hufanya hivyo hivyo. Embe ina zaidi, utomvu wake na ganda lake vinachubua ngozi. Menya mbali, nawa mikono, osha lile embe lililomenywa, mpake mtoto vaselini kidogo kuzunguka mdomo, umpe kwa kijiko badala ya kumwachia aligugune. Vikitoka vipele tumboni au mgongoni ambako embe haikugusa, hapo acha umuone daktari.

SWALI: Mtoto ana aleji ya yai, nimeambiwa na daktari. Miezi tisa inakaribia na sindano ya surua. Nimesikia imetengenezwa kwa yai. – Mama, Watamu

JIBU: Mpeleke akachomwe. Chanjo ya surua inakuzwa kwenye seli, kwa baadhi ya aina ni za kifaranga, si kwenye yai lenyewe, na watoto wenye aleji ya yai huchanjwa bila shida. Mwambie muuguzi ili aandike kwenye kile kitabu cha kliniki, ukae pale pale nusu saa, basi. Surua yenyewe ndo ya kuogopwa.

SWALI: Asali kwa kikohozi, miezi saba? – (hakuandika jina)

JIBU: Hapana, mpaka atimize mwaka. Asali hata iwe safi ya msituni inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mchanga mpaka ya kupumua, na kuichemsha jikoni hakuziui. Hata kupakwa kwenye chuchu isipakwe. Kikohozi mpe ziwa zaidi, na kikipita siku chache au akipumua haraka haraka nenda kliniki, usingoje jibu langu la mwezi ujao.